Msemaji wa Sentensi ya Tatu

14 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Huku sote tu wazima. Mama bado analalamikia magoti, hasa asubuhi, lakini akisikia kuna mtu wa kugombana naye husimama bila kushikwa mkono. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na kila "s" anaipiga filimbi. Mume wangu amebadilishiwa zamu kiwandani, anarudi wakati mimi natoka, basi tunasalimiana mlangoni kama wapangaji wawili.

Nina habari ya kazi. Nimeajiriwa kutafsiri katika kampuni inayohamisha watu na vyombo vyao. Wana neno moja la Kiingereza, "relocate", wameliandika kwenye malori, kwenye mikataba, hata kwenye vikombe vya chai. Kila mfanyakazi analitafsiri anavyopenda, na meneja anataka tafsiri moja. Nikakumbuka kadi zako. Tafadhali fungua droo ya R, toa kadi ya neno hilo, uninakilie yote: asili na maana zilizo mbele, na mfano ulio nyuma, neno kwa neno, pamoja na msemaji, mahali na tarehe. Usinipe kwa kichwa, Mjomba. Nakujua. Nataka kama kadi inavyosema.

Mama anakusalimu. Anauliza kama bado unapanda ngazi zile za nje bila taa.

Mpwa wako,
Kifutio


3 Februari

Kifutio,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na stempu iliyobandikwa kichwa chini. Mwambie mjukuu wangu aseme "sisimizi sita" mara kumi kila asubuhi. Meno yakirudi yatakuta ulimi umeshajifunza adabu. Na wewe umeandika "anarudi wakati mimi natoka". Andika "ninapotoka". Sikukulea hivyo.

Mwambie mama yako ngazi zina taa. Fundi cherehani, mpangaji wangu wa chini, ameitundika kwa mikono yake.

Sasa neno. "Relocate" ni kitenzi kilichoungwa kwa vipande vya Kilatini. "Locus" ni mahali. "Locare" ni kuweka kitu mahali, na vilevile kupangisha nyumba au shamba. "Re" ni tena. Kwa mifupa yake, basi, ni kuweka mahali tena. Mifupa ni mizee lakini mwili ni mchanga: kitenzi chenyewe hakijatimiza miaka mia mbili katika Kiingereza. Kilianza kutumiwa kwa barabara iliyochorwa upya ili ipite kwingine. Watu walifuata baadaye. Kwanza barabara, kisha jengo, kisha mtu. Utafakari mpangilio huo.

Nomino yake, "relocation", ni nzee zaidi, na wanasheria wa kale waliitumia kwa jambo jingine kabisa. Mkataba wa pango ukiisha, mwenye nyumba akanyamaza na mpangaji akanyamaza, ulihesabiwa umeanza upya wenyewe, na mpangaji alibaki. Naipenda maana hiyo. Watu wawili wananyamaza, na mtu anabaki nyumbani kwake.

Leo maana ni mbili: kuhamisha, na kuhama ili kuanza maisha pengine. Waingereza wanatumia umbo moja kwa anayeondoka kwa miguu yake na anayeondolewa. Sisi hatuna uzembe huo. Mwambie meneja wako hakuna tafsiri moja. Akiitaka moja, anunue vikombe vingine.

Mfano wa nyuma sikuunakili. Droo ya R imevimba kwa unyevu na imekwama.

Na mimi nina swali. Hayo niliyokuandikia yamo katika kamusi yoyote ya dukani, na wewe unazo mbili. Mtu hanunui kamba bila kumtazama mbuzi. Kwa nini unauliza neno hili, mwezi huu, na kwa nini katika karatasi hiyohiyo mama yako anauliza habari za ngazi?

Mjomba wako


22 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimepokea somo na nimeshukuru. Meneja amekasirika kuhusu vikombe. Mama anasema ngazi aliziuliza kwa sababu ni ngazi, na kwamba ulianza kushuku watu ukiwa na miaka mitano, ulipodai kuwa amekula nusu ya andazi lako. Anasema alikula robo.

Mwandiko wako umependeza, Mjomba. Umependeza kuliko miaka yote ninayoukumbuka. Hata saba zilizo kwenye bahasha zimeanza kuvaa mkanda kiunoni, jambo ulilokuwa ukilikataza. Na ndani ya karatasi nimekuta uzi wa bluu.

Kwa kuwa droo imekwama, nimekusanya mifano mitatu mwenyewe. Nimefuata kanuni uliyonifundisha nilipokuwa nikikupigia chapa kadi: mfano hautungwi. Mfano ni sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu, na nyuma ya kadi ni lazima ijulikane ni nani, wapi, lini. Naomba uipime.

Ya kwanza: "Mkiihamisha ofisi mhamisheni na mlinzi, yeye ndiye anayejua funguo." Msemaji: mteja, ofisini kwetu, 9 Februari.

Ya pili: "Mzee ahamishwe kabla ya mvua, na makabati yake yatangulie, la sivyo hatatoka." Msemaji: mteja, kwa simu, 11 Februari.

Ya tatu: "Macho yakinigomea nihamisheni, wala msiniulize, nitakataa." Msemaji sijamwandika.

Mpwa wako,
Kifutio


14 Machi

Kifutio,

Marahaba. Nipo. Nimekula, nimelala, nimeoga. Hayo yatoshe kwa yeyote anayekutuma kuuliza.

Mfano wa kwanza naukubali. Ni sentensi ya mtu mwenye haraka na akili.

Mfano wa pili nimeuketia siku tatu. Mteja gani huyo? Katika mji mzima wa wateja wenu, ni wangapi wana mzee mmoja, mwenye makabati zaidi ya moja, anayejulikana kwamba hatatoka yasipotangulia? Watu wana vitanda, wana majokofu. Mimi nina makabati manne, droo ishirini na nne, kadi elfu thelathini na moja. Ungetaka kunificha ungetunga. Lakini nilikuzoesha kutotunga tangu una miaka kumi na miwili, na sasa huwezi hata ukitaka. Umeandika alichokisema mtu. Mtu huyo anasema "la sivyo" kila anapotoa amri, na alikula andazi langu.

Kwa hiyo nimeelewa. Mmekaa, mmepanga, mmeniwekea na majira. Ujue kwamba nimefika R. Baada ya R kuna herufi nane. Mhariri aliyenitangulia aliondolewa mezani pake akiwa kwenye herufi M, wakamweka kwa mwanawe, katika chumba kizuri chenye dirisha, na hakuandika tena hata kadi moja. Makabati yake niliyakuta yamewekewa sufuria. Sitahama.

Mfano wa tatu naukataa. Huo ni wa kutunga. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetoa amri na kuipinga katika pumzi moja. Tena hauna msemaji, na kadi isiyo na msemaji ni uvumi. Mtaje au uufute; jina lako litakusaidia.

Saba ni saba.

Mjomba wako


1 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hataki kukusalimu leo, ila anataka ujue kwamba anakusalimu.

Umeshinda katika mfano wa pili. Msemaji ni Mama, jikoni kwangu; simu haikuwepo, na tarehe tu ndiyo ya kweli. Mwaka jana mvua iliposhika, ngazi zako ziliota utelezi wa kijani na hakuna aliyetuambia lolote kwa majuma sita. Wewe ungemfikiriaje mtu wa namna hiyo?

Wa tatu siufuti. Haukutungwa. Msemaji yuko hai, na sina hakika kama ameniruhusu kumtaja.

Sasa ni zamu yangu. Barua zako mbili zilizopita zina mwandiko mmoja, na si wako. Ninayo risiti ya suruali ya mume wangu aliyoshonewa na Fundi tulipokutembelea: kiuno, urefu, paja. Saba zake zina mkanda. Sisemi ni vibaya mtu kuandikiwa. Ninauliza kwa nini umenificha. Na ninaomba kitu kimoja kidogo: nakili nyuma ya kadi ile, mstari mmoja, kwa mkono wako mwenyewe. Ukishindwa kuifungua droo, mwambie Fundi aivute.

Kifutio


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Aprili imepita na sijapata neno. Niliposoma barua yako ya Februari nilicheka kuhusu wale wanaonyamaza wawili na mkataba unaendelea. Sasa sicheki. Mama ameanza kufua vitu vilivyo safi.

Sikuulizi kadi tena. Niandikie hata kunitukana. Yeyote ashike kalamu.

Kifutio


24 Mei

Kifutio,

Marahaba. Anayeandika ni Fundi, kama ulivyonusa. Nimemwambia aandike kila ninalosema na asiongeze lake. (Mimi Fundi nasema shikamoo kwa Mama. Sitaongeza tena.)

Nitakueleza kwa mpangilio. Mwezi wa Novemba nilianguka kwenye ngazi, vidato vitatu vya mwisho. (Vilikuwa saba.) Fundi alinibeba. Sikuvunjika kitu. Lakini sikuwa nimeteleza, Kifutio. Nilikanyaga kidato ambacho hakikuwepo. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zamani. La kulia likaanza kufuata. Sasa naona mwanga wa dirisha, naona kwamba kuna mtu, sioni kwamba ni nani. Herufi zimekuwa kama chungu waliomwagiwa maji. Tangu hapo Fundi amekuwa akinisomea asubuhi kabla hajafungua duka, na kuniandikia.

Ulipoagiza kadi mwezi wa Januari, droo haikuwa imekwama. Ilifunguka vizuri kabisa. Kadi ndiyo haikuwepo. Fundi alipekua kadi zote za R, moja moja, akarudia. Nikamwambia hajui alfabeti. (Alisema mengine pia.) Usiku ule sikulala kwa kuwaza mambo mawili: ama nimeiweka vibaya mwenyewe na hivyo kazi yangu yote haiaminiki tena, ama nimeibiwa. La pili lilikuwa rahisi zaidi kulivumilia. Anayeingia chumbani mwangu ni mtu mmoja tu.

Barua yako ya Aprili iliposomwa, nilimwona mtu huyo anakuandikia kwa siri, anawapima suruali, anashirikiana nanyi. Nilimwamuru atoe vitu vyote mifukoni. (Nilitoa. Chaki, futi, shilingi chache. Akaipapasa chaki akadhani ni kitu.) Nikamwambia asipande tena juu.

Majuma manne nilikaa bila sauti ya mtu. Barua yako ya Mei ilisukumwa chini ya mlango, nikaishika siku tisa bila kujua kama ni yako au ya kampuni ya maji. Nilijaribu kuinusa. Mtu aliyesahihisha vitabu vya watu miaka arobaini anainusa karatasi.

Jana niligonga sakafu kwa bakora. Fundi alipanda. Alikaa, akafungua bahasha. (Nilikuwa nasubiri bakora hiyo tangu siku ya pili.)

Hayo ndiyo niliyokuficha. Sasa wewe. Unajua kitu kuhusu kadi ile. Uliniuliza nyuma yake mara mbili, mbele hukujali. Iko wapi, na ni nani msemaji wa sentensi ya tatu? Usinijibu kwa upole.

Mjomba wako
kwa mkono wa Fundi


8 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mwambie Fundi samahani, kutoka kwangu kwanza. Mifuko iliyostahili kupekuliwa ni yangu.

Kadi ninayo mimi. Imo ndani ya bahasha hii. Fundi akusomee pande zote mbili.

Mbele ni asili na maana, kama ulivyoniandikia kwa kichwa, bila kukosea hata koma. Nyuma kuna sentensi, kwa mwandiko wako, wino mweusi. Chini yake umeandika: "Msemaji: mimi mwenyewe. Mahali: benchi la kliniki ya macho, nje ya chumba cha pili. Tarehe: 17 Juni." Ni mwaka juzi. Daktari alikuwa ametoka kukuambia kwamba jicho la kushoto halitarudi na la kulia litalifuata, hajui lini. Tulikuwa tunasubiri dawa za matone. Kadi hiyo ulikuwa nayo mfukoni, ilikuwa inangoja mfano. Ukaiandika juu ya goti, ukanipa, ukasema: "Weka wewe. Ukiwa na hakika, nioneshe. Usinioneshe kabla hujawa na hakika, kwa sababu nitakuchukia." Kisha ukaniuliza kama nimekula.

Ndiyo maana niliuliza. Nilihitaji hakika, na wewe hukuwa mtu wa kunipa. Nikafikiri: nikimwomba anakili kadi ambayo haipo, anayeona ataniambia haipo; asiyeona ataniambia droo imekwama. Niliona ni busara. Sikufikiria kwamba ungelala ukidhani umepoteza akili, wala kwamba Fundi angelipia. Nilikutega kama panya, na nilikutega kwa kazi yako. Hilo sitalisahau hata ukilisahau wewe.

Chumba kipo. Hakina dirisha zuri, linatazama ukuta wa jirani. Nimepima: makabati manne yanaingia, kitanda kinaingia kwa shida. Hakuna ngazi. Kuanzia saa kumi jioni nikitoka kazini nitasoma kadi, wewe utasahihisha, mimi nitaandika. Kuna herufi nane. Sufuria zitakaa jikoni.

Sikuamrishi, ingawa uliniamrisha nikuamrishe. Nasubiri.

Kifutio


23 Juni

Kifutio,

Marahaba. Mwambie mama yako nimemsikia, na kwamba ilikuwa nusu.

Kadi imefika. Fundi ameisoma mara mbili, ya pili polepole kama anayeshona kifungo. Nimeipapasa. Kona ya chini imekunjika. Nakumbuka nilipoikunja, muuguzi alipoita jina la mtu mwingine.

Sasa nina la kukiri, na Fundi ameapa kutoweka mabano. Uliponiletea sentensi ya tatu mwezi wa Februari niliitambua kabla Fundi hajafika kwenye koma ya kwanza. Kadi ilikuwa wapi sikukumbuka, hilo ni kweli. Msemaji nilimjua. Nikasema ni ya kutunga. Miaka arobaini nimezikataa sentensi za maprofesa na za wakubwa wa serikali, lakini sikuwahi kuikataa sentensi ya kweli nikijua kuwa ni ya kweli. Nimefanya hivyo mara moja, na mfano ulikuwa wangu.

Sikukuchukia wewe. Nilimchukia yule wa kwenye benchi. Alikuwa bado ana jicho moja, na kwa jicho hilo moja akaniamulia mimi nisiye na lolote.

Mtego wako ulikuwa mbaya. Usiurudie kwa mtu. Lakini ulikuwa mtego wa mtu anayejua kazi, na sikuona ni nani mwingine angeufikiria.

Fundi nimemwomba radhi mbele ya wateja wake wawili. Amesema suruali yangu ya kusafiria inahitaji kupunguzwa kiuno. Nimekonda, sikuwa najua. Funguo za nyumba atakaa nazo yeye.

Makabati yatangulie. Droo zisichomolewe, zifungwe kwa kamba, makabati yakiwa yamesimama. Lori likija na neno lile ubavuni, lipakwe matope au lisije.

Kadi nairudisha ndani ya bahasha hii. Iingize mahali pake. Chini ya tarehe yangu uongeze mstari mmoja, kwa mwandiko wako: "Alikataa, kama alivyosema." Kisha siku ambayo lori litafika.

Sahihi hapa chini ni ya mkono wangu. Fundi ananiambia nimeanza vizuri lakini nimepita ukingo wa karatasi, na nusu ya jina iko kwenye meza. Hiyo ya mezani itabaki huku.

Mjom